Kiraka changu kimekwama na bosi amenuna

Shikamoo shangazi,

Mimi ni kijana wa Mombasa, nimeajiriwa na kampuni ndogo inayokodisha seva kwa maduka, shule na mashirika. Wingu letu tunaliendesha wenyewe kwa OpenStack, programu huria ya kuendesha mawingu ya seva, na zamu ya usiku ni yangu. Tumesumbuliwa muda mrefu na jambo moja. Stima ikipotea, au swichi ya hifadhi ikizima ghafla wakati diski ya mteja inaondolewa kwenye mashine yake, Cinder, sehemu ya OpenStack inayosimamia diski, huiacha diski hiyo katika hali ya "detaching" (inaondolewa) na haitoki hapo. Mteja hawezi kuitumia wala kuifuta, na simu zinaanza kulia. Tulizoea kuzirekebisha kwa mkono, diski moja moja, kwa amri ya reset-state.

Nikachoka. Nikausoma msimbo mpaka nikaona pa kushika, nikaandika kama mistari ishirini ya Python inayoirudisha diski kwenye "available" (iko huru) yenyewe baada ya muda kupita. Tangu tukiweke kiraka hicho, zamu zangu zimetulia. Nikaona, kwa nini nisiwapelekee wenyewe ili na wengine wafaidi? Nikafungua akaunti, nikaandika ripoti ya hitilafu Launchpad, tovuti ya kuripoti hitilafu, na kuambatisha logi zetu (kumbukumbu za seva), kisha nikapandisha kiraka Gerrit, tovuti ya kuhakiki msimbo.

Haukupita muda, roboti yao ya majaribio iitwayo Zuul ikanipa -1, yaani kura ya kukataa. Kesho yake mhakiki mmoja naye akanipa -1 yake. Aliuliza: unajuaje kwamba seva haijaishikilia bado diski hiyo wakati unapoirudisha "available"? Akaongeza kwamba hakuna majaribio wala tangazo la toleo. Shangazi, niliumia. Mtu hajawahi kukesha na hitilafu hii, anaanza kunihoji kama mtuhumiwa. Nikamjibu kwamba kwetu kinafanya kazi vizuri. Hakurudi. Basi nikatengeneza kingine chenye majaribio, akili mnemba ilinisaidia kuyaandika, nikakipandisha kama kiraka kipya. Hiyo ilikuwa mwishoni mwa Agosti. Zaidi ya mwezi umepita, kimya.

Halafu bosi akajua. Alikuwa akitafuta jina la kampuni mtandaoni akakutana na baruapepe yangu ya kazini juu ya kiraka. Akaniita ofisini: "Msimbo ulioandikwa kwa mshahara wangu unawagawia washindani?" Anafikiria kunipa barua ya onyo. Nyumbani nako, kila nikifungua laptopu, mke wangu ananiuliza hao Wazungu wananilipa nini, maana bando ni letu na usingizi ni wetu.

Niache kabisa? Au niendelee kimyakimya kwa baruapepe yangu binafsi, bosi asijue?

Mtu wa Zamu ya Usiku, Mombasa

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu, na pole. Kimyakimya hapana, nitakueleza kwa nini. Ila umelitaja jambo moja kwa kupita tu, nalo ndilo lililonishtua kuliko bosi na mkeo.

Umeambatisha logi zenu. Logi za Cinder na za Nova, sehemu inayoendesha mashine za wateja, hubeba vitambulisho vya miradi ya wateja, majina ya seva na anwani za IP za ndani, na mkiwa mmewasha kiwango cha debug, kinachoandika kila undani, humo mtakuta mengi zaidi. Launchpad inasomwa na dunia nzima. Leo hii ingia ukakifute kiambatisho hicho, na usipoweza waombe wasimamizi wa mradi wakuondolee. Ukiona nywila au tokeni yoyote humo, ibadilishwe kazini mara moja hata kama imeshafutwa. Kisha mwambie bosi kwa mdomo wako mwenyewe. Kenya ina sheria ya kulinda data tangu 2019, na sheria hiyo haitamuuliza bosi wako kama nia yako ilikuwa njema. Kwa hili ana haki ya kununa.

Sasa tuje kwa yule mhakiki, kwa maana nadhani hukulisikia swali lake.

Ulichokiona wewe ni mgeni anayekuhoji. Mimi nimeona mtu ambaye hajawahi kukuona akisoma mistari yako ishirini na kuweka kidole pale pale penye hatari. Fikiria kesi zako mbili, umezitaja kwa sentensi moja kana kwamba ni kitu kimoja. Stima ikipotea, seva imezima kweli. Mashine ya mteja imekufa, hakuna anayeandika kwenye diski, na kiraka chako kikiirudisha "available" kwa wakati huo hakuna dhara. Lakini swichi ikizima, seva iko hai. Au nova-compute, huduma ya Nova iliyo kwenye kila seva, ikianguka peke yake, mashine za wateja hazianguki nayo. QEMU, programu inayozibeba mashine pepe, inaendelea kuziendesha kama kawaida, na zile diski bado zimo mikononi mwao. Wewe unakuja unasema kwenye hifadhidata kwamba diski iko huru. Mtu mwingine, au mteja yule yule, anaiunganisha na mashine nyingine. Mtandao wa hifadhi ukirudi, mashine mbili zinaandika kwenye diski moja yenye ext4, mfumo wa faili ambao haukutengenezwa kuandikwa na wawili. Hapo hutapigiwa simu kuhusu diski iliyokwama. Utapigiwa na mwenye duka ambaye hesabu zake zimeharibika zisirekebishike.

Ndiyo maana hata ile reset-state mliyozoea ina onyo kwenye nyaraka zake: hubadilisha maandishi ya hifadhidata tu, haigusi hali halisi ya diski. Ulipokuwa ukiitumia kwa mkono, kulikuwa na mtu katikati, yaani wewe, ambaye pengine alichungulia seva kwanza. Ulichofanya ni kumtoa mtu huyo.

Na watu wa Cinder wana sababu ya kuwa wakali mahali hapo hasa. Mei 2023 ilitangazwa hitilafu ya usalama iliyopewa namba CVE-2023-2088. Ilihusu diski iliyoondolewa kwa upande wa kumbukumbu za Cinder huku seva ikiwa bado imeshikilia muunganisho, na katika mazingira fulani mashine ya mteja mmoja iliweza kufikia data ya mteja mwingine. Ilibidi Cinder, Nova na os-brick, maktaba ya kuunganisha seva na diski, zote zirekebishwe, na waendesha mawingu wakalazimika kubadilisha mipangilio yao ili huduma zijitambulishe kwa tokeni zake zenyewe zinapoomba diski iondolewe. Aliyepitia hayo akiona kiraka cha mgeni kinachosema "baada ya muda, ihesabu kuwa huru," atauliza tu. Asipouliza ndipo ungepaswa kuogopa.

Kwa hiyo la kwanza la kiufundi: kizime kiraka hicho kwenye seva zenu mpaka ulijibu swali hilo. Najua zamu zitarudi kuwa ngumu. Halafu mkague diski zilizowahi kurudishwa na kiraka, mlinganishe kila moja na seva iliyokuwa nayo, muone kama hakuna iliyoshikwa mara mbili.

Unaona nilikokupeleka? Bosi wako anadhani mmegawa mali. Kumbe mmepokea. Kampuni ndogo ya Mombasa haina uwezo wa kumwajiri mtaalamu wa Cinder wa kukagua msimbo wake, na huyo mtu amewakagulia, kwa dakika zake mwenyewe, akawaambia kilichokuwa kinangojea kuwaangukia. Hoja ya kumpelekea bosi ni hiyo, na naomba uipeleke kabla ya hoja nyingine yoyote.

Lakini mpelekee kwa heshima, maana kwa sheria ana nguvu kuliko unavyodhani. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, kazi iliyofanywa na mwajiriwa katika utekelezaji wa ajira yake huhesabiwa imehamia kwa mwajiri, isipokuwa mmekubaliana vingine. Wewe uliandika kwenye zamu ya kazi, kwa shida ya kazi, ukajaribu kwenye seva za kazi. Mimi si wakili, ila sioni pa kukutetea. Kubadilisha baruapepe hakubadilishi mwenye mali.

Na kuna kiapo. OpenStack ilikuwa na mkataba wa wachangiaji. Tangu Julai 2025 umeachwa, na badala yake kila kiraka hubeba mstari wa Signed-off-by wenye jina lako. Mstari huo unasema kwamba msimbo ni wako au una haki ya kuuleta chini ya leseni ya mradi. Mtindo wenyewe ulianzia kwa watengenezaji wa Linux mwaka 2004, baada ya kampuni ya SCO kuishtaki IBM ikidai msimbo wake umepenyezwa ndani ya Linux. Ukiweka jina lako pale huku bosi hajui, umetia saini jambo usilokuwa na uhakika nalo, tena hadharani, tena milele. Siku mkikosana, ushahidi uko Gerrit na tarehe yake.

Basi omba ruhusa, kwa maandishi, na iwe fupi. Mabosi hawasomi kurasa tatu. Mimi ningeandika hivi:

"Naomba ruhusa ya kupeleka marekebisho ya hitilafu kwa mradi wa OpenStack chini ya leseni ya Apache 2.0. Nitapeleka marekebisho ya programu ya OpenStack yenyewe tu, si mipangilio yetu, si logi, si taarifa za wateja. Kila kiraka utakiona kabla hakijatoka. Ruhusa hii unaweza kuiondoa wakati wowote kwa viraka vijavyo."

Akisema washindani watafaidi, usibishe, watafaidi kweli. Usimdanganye pia kwamba leseni inamlazimisha, Apache 2.0 haimlazimishi mtu kurudisha chochote, anaweza kukalia kiraka chake mpaka mwisho wa dunia. Muulize tu nani atakibeba. OpenStack hutoa toleo jipya kila miezi 6. Hata tangu mwaka 2023 walipoweka utaratibu wa kuruka toleo moja na kupanda mara moja kwa mwaka, kila mnapopanda mtalazimika kukichukua kiraka chenu, kukilinganisha na msimbo uliobadilika, kukishona upya na kukijaribu upya. Wewe ukipata kazi Nairobi au Dubai, atakayekuja hatajua hata kwamba kipo. Ni kama kukalafati jahazi: hukumalizi, kila msimu unarudia. Kiraka kikiingia kwenye mradi wenyewe, kazi hiyo inafanywa na wengine, na majaribio yako yanapigwa na Zuul kila mtu anapogusa faili hilo.

Kama anataka mifano ya wakubwa, mwambie OpenStack yenyewe ilizaliwa hivyo. Julai 2010 NASA ilileta sehemu ya kuendesha mashine, ikawa Nova, na Rackspace, kampuni ya kukodisha seva kama ya kwenu ila kubwa, ikaleta sehemu ya kuhifadhi faili, ikawa Swift. CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kule Geneva, inaendesha wingu lake kwa OpenStack tangu 2013 na wahandisi wake wamekuwa wakipeleka marekebisho muda wote huo. Lakini nakuonya, mabosi wa kwetu ukiwatajia NASA huona unawapigia porojo. Ile habari ya diski iliyoshikwa mara mbili itamgusa zaidi.

Mkeo sasa. Usimjibu kwamba "inajenga CV" halafu ukarudi kwenye laptopu, kwa sababu jibu hilo si la kweli mpaka liwe kweli. Kiraka kimoja hakimpatii mtu kazi. Ni kweli kwamba kila kitu unachofanya kule kina jina lako na kinaonekana na yeyote, na wapo waajiri wanaosoma uhakiki wa mtu kabla ya kumuita. Ni kweli pia kwamba wengi wa wahakiki wakuu wanalipwa mishahara na kampuni zao kufanya kazi hiyo hiyo unayoifanya usiku bure, na mkeo ameliona hilo bila kuambiwa. Hana kosa. Ukipata ruhusa ya bosi, kazi hii iwe ya zamu, kwa intaneti ya ofisi, si ya kitandani kwa bando la nyumba. Asipokubali kukupa hata saa chache kwa wiki, basi chagua jioni moja na uiheshimu. Ukianza kuhesabu viraka usiku kucha kama mtu anayecheza kamari, mimi nitakuwa upande wa mkeo.

(Kwa wale wasio na ajira wanaoniandikia kuuliza kama kuna pesa humu: zipo programu za mafunzo zinazolipa. Outreachy huendesha awamu mbili kwa mwaka, miezi mitatu, na hulipa dola 7,000 za Marekani. Linux Foundation ina mpango wake wa LFX ambao miradi kama Kubernetes huutumia. Lakini Outreachy hudai saa karibu 30 kwa wiki, hivyo Mtu wa Zamu ya Usiku asiiote akiwa na kazi yake.)

Turudi kwenye kiraka. Umepandisha viwili, na hilo peke yake linaweza kueleza nusu ya kimya unachokilalamikia. Gerrit haifanyi kazi kwa kuleta kingine kila unaporekebisha. Chini ya ujumbe wako kuna mstari wa Change-Id, na huo ndio unaoiambia Gerrit kwamba hiki ni kile kile, toleo la pili. Yule mhakiki alipewa taarifa kuhusu kiraka cha kwanza tu, na huko jibu la mwisho alilolikuta ni "kwetu kinafanya kazi." Cha pili hana habari nacho. Kwa hiyo kifunge cha pili, uandike kwa nini umekifunga. Shusha cha kwanza kwa git review -d na namba yake, rekebisha, tumia git commit --amend bila kugusa Change-Id, kisha git review. Kila aliyewahi kukitazama ataona kimesogea.

Kabla hujapandisha, endesha kwako tox -e pep8 (hukagua mtindo wa msimbo) na tox -e py3 (huendesha majaribio). Ile -1 ya Zuul mara nyingi kwa mgeni huwa ni mstari mrefu kupita kiasi au nafasi iliyokaa vibaya, na unaweza kuyamaliza hayo bila shahidi. Zuul ikikuangusha kwa jaribio lisilohusiana na ulichogusa, isome logi kwanza, ndipo uandike recheck (ijaribu tena) na sababu yake. Anayeandika recheck mtupu mara tano mfululizo anachoma mashine za watu wote na watu wanamkumbuka.

Tangazo la toleo ni faili dogo, unalitengeneza kwa amri ya reno new, unaandika sentensi mbili kumwambia mwendesha wingu nini kimebadilika. Liandike kama unamwandikia mtu wa zamu ya usiku wa kampuni nyingine. Na kuhusu akili mnemba, sikukemei, ila lazima useme. Taasisi inayosimamia OpenStack ina sera yake: msimbo uliosaidiwa na chombo hicho huwekewa mstari wa Assisted-By katika ujumbe wa kiraka, na uliotengenezwa nacho kwa sehemu kubwa huwekewa Generated-By. Pia soma majaribio hayo mstari kwa mstari. Mashine hizi hupenda kuandika jaribio linalothibitisha kwamba msimbo unafanya kile unachofanya, na jaribio la namna hiyo linapita hata msimbo ukiwa na makosa. Jaribio unalolihitaji wewe ni moja: seva bado imeshikilia diski, kiraka kikatae kuirudisha.

Logi ulizofuta zirudishwe kwa njia nyingine. Pata mashine pepe safi ya Ubuntu, GB 8 za kumbukumbu zikipatikana, uweke humo DevStack, OpenStack ndogo ya majaribio. Usiiweke kwenye laptopu yako hivi hivi, inabadilisha mfumo mzima, na mara ya kwanza inavuta vitu vingi sana, kwa hiyo hilo nalo ni la ofisini. stack.sh, hati yake ya kusakinisha, ikimaliza, tengeneza diski, iunganishe na mashine, zima huduma ya devstack@n-cpu (ndiyo nova-compute), uombe diski iondolewe. Itabaki "detaching." Sasa ingia ndani ya ile mashine ya mteja ujaribu kuandika kwenye diski. Utaona kwa macho yako kile mhakiki alichokiuliza. Hatua hizo, zikiandikwa kwenye ripoti kwa mpangilio ambao mtu mwingine anaweza kuzirudia, zina thamani kuliko logi za seva zenu zote.

Na usiandike suluhisho jipya bado. Hapa wengi hukosea kwa bidii. Sina hakika kwamba jibu sahihi ni saa inayohesabu. Huenda ni Nova kurudisha hali yenyewe ikishindwa, kwa sababu wito wa kufanya hivyo upo tayari kwenye Cinder, huenda ni onyo tu kwa msimamizi pamoja na namna ya kumhakikishia kwamba seva haina tena muunganisho. Anayeweza kukuambia ni watu wa mradi. Wako IRC, mfumo wa zamani wa gumzo, kwenye mtandao wa OFTC, chaneli ya #openstack-cinder, na IRC ni maandishi matupu, bando halitaliona. Salimu, bandika kiungo cha ripoti, uliza njia gani wangeikubali, kisha usiondoke. Wengi wako Marekani na Ulaya, jibu linaweza kuja baada ya saa sita. Mikutano ya miradi huandikwa kwa saa za UTC, ambazo ziko saa tatu nyuma yetu, kwa hiyo ukiona 14:00 ujue kwetu ni saa kumi na moja jioni, kabla ya zamu yako.

Mwezi uliopandisha nao ulikuwa mbaya. Matoleo hutoka mwanzoni mwa Aprili na Oktoba au karibu na hapo, na mwishoni mwa Agosti vipengele vipya hufungiwa mlango. Wiki zile kila mhakiki ana foleni ya watu waliopiga kelele kabla yako. Kiraka kinahitaji kwa kawaida +2 mbili kutoka kwa wahakiki wakuu ndipo kiruhusiwe kuingia, na wahakiki hao ni wachache sana ukilinganisha na viraka vinavyowangoja. Sasa toleo la Oktoba limeshatoka, wanapumua kidogo. Ni wakati mzuri wa kurudi.

Rudi lakini usirudi na kiraka chako peke yake mkononi. Yeyote mwenye akaunti anaweza kuhakiki, hata wewe. Chukua viraka viwili au vitatu vya watu wengine vinavyogusa sehemu unayoijua, vishushe, uvijaribu kwenye hiyo hiyo DevStack, uandike ulichokiona: nimekijaribu hivi, kimefanya hivi, hapa sikuelewa. Usigawe +1 kama pipi za Idi. +1 isiyo na maneno haimsaidii mtu na wahakiki wakuu wanaijua ilivyo. Wewe una kitu ambacho wengi wao hawana, wateja halisi na stima inayokatika. Mtu aliyesaidiwa na maoni yako atafungua kiraka chako, na hata asipofungua, jina lako halitakuwa geni tena kwenye chaneli.

Yule mhakiki wa kwanza mjibu. Si lazima uombe radhi ndefu. Andika: swali lako lilikuwa sahihi, nimelirudia kwenye DevStack, hatua hizi hapa, nafikiria njia hii, unaonaje? Mtu wa aina ile hujibu ujumbe wa aina hiyo.

Mwisho, kiraka kikiingia siku moja, usidhani umemaliza. Kitakuwa kimeingia kwenye tawi la master, yaani la toleo linalotengenezwa sasa, ilhali ninyi mnaendesha toleo la nyuma. Marekebisho ya hitilafu yanaruhusiwa kushushwa kwenye matawi ya matoleo yanayotunzwa bado, vipengele vipya haviruhusiwi, ndiyo sababu nyingine ya kukifanya kiraka chako kiwe kidogo. Siku hiyo hiyo kichukue kwa git cherry-pick -x, kiweke kwenye tawi la toleo jipya kuliko yote, kikikubaliwa shuka kwenye linalofuata, usiruke, mpaka ufike kwenye toleo lenu. Na kabla ya hapo mwulize bosi mko toleo gani hasa, maana wengi wanaoniandikia hugundua kwamba lao liliacha kutunzwa zamani.